Kifua cha Gitaa la Mzee Stefano

Binadamu ana uvivu mmoja ambao hata jembe haliutibu, nao ni uvivu wa kusifu. Akikuta kitu kizuri kimekamilika, husema aliyekitengeneza kajaliwa, kisha huyo anakwenda zake kula. Hajiulizi kilivunjika mara ngapi kabla ya kufika mbele ya macho yake. Castory, fundi seremala wa Mwembesongo mjini Morogoro, alikuwa na uvivu huo, ingawa kwa kazi ya mikono hakuna aliyethubutu kumwita mvivu. Vitanda vyake vilijulikana mpaka Kisaki. Mtu akinunua kabati kwake alijua kwamba atalirithisha kwa wajukuu. Hata hivyo, uvivu huo wa kusifu nusura umharibie baba yake sikukuu ambayo haiji mara mbili katika maisha ya mtu.

Baba huyo, Mzee Stefano, aliishi Nyandira, juu kabisa milimani Uluguru, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Alilima njegere na kabichi kwenye matuta ya mteremko, lakini watu hawakumjua kwa njegere. Walimjua kwa kwaya. Aliianzisha kwaya ya kigango chao mwaka elfu moja mia tisa sabini na tano, akiwa kijana wa kwanza kijijini kuijua noti. Nyimbo zake zilibatiza, zikaozesha na kuzika vizazi vitatu, na kwa zaidi ya miaka arobaini zote alizipiga kwa gitaa moja tu.

Siku hizo kigango hakikuwa na kinanda cha umeme wala spika. Jumamosi jioni, wakati wa mazoezi, sauti ya gitaa ilitoka kanisani ikashuka tuta kwa tuta hadi mtoni. Akina mama waliotoka shambani na vikapu kichwani walipunguza mwendo ili wimbo uwafikishe nyumbani. Waliozaliwa pale wakahamia Ngerengere au Dar es Salaam walipokutana msibani waliulizana kama lile gitaa bado lipo. Wakijibiwa lipo, walifarijika kama watu walioambiwa kwamba mama yao hajambo.

Gitaa lenyewe lilitengenezwa mwaka themanini na tatu na fundi Mwinshehe wa Mwembesongo. Ulikuwa wakati ambapo Morogoro ilikuwa Morogoro. Alasiri mtu aliweza kutoka stesheni ya reli akaenda hadi sokoni huku masikio yake yakipokewa na mazoezi ya bendi moja na kukabidhiwa kwa bendi nyingine. Stefano alilifuata mjini msimu wa masika, akakuta barabara ya kurudi imekatika. Akalipandisha mlima kwa miguu kwa siku mbili. Koti lake alilivisha gitaa, yeye akalowa.

Mwaka huu kwaya ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na jubilei ilipangwa iwe mwezi wa kumi. Mwezi wa tano Castory alipanda Nyandira kumsalimu baba yake, akaliona gitaa limefifia rangi na kuchubuka ubavuni. Moyo wa kitoto ukamsukuma kufanya jambo jema. Alimwomba baba yake ruhusa ya kwenda nalo mjini akalipige msasa na vanishi, ling'ae kama siku lilipozaliwa.

"Lina ubaya gani?" Mzee Stefano aliuliza.

"Halina ubaya, baba. Nataka tu siku ya jubilei lisikutie aibu."

"Halijawahi kunitia aibu," mzee alisema, lakini alilifunga katika blanketi akampa.

Castory alipata lifti kwenye fuso la kabichi. Akaona kabichi ni laini, akalilaza gitaa juu yake, yeye akaketi mbele na dereva wakipiga soga. Njiani wapakiaji waliongeza magunia ya karoti, na mpakiaji anayekimbizana na soko haangalii blanketi la mtu. Walipofika mjini na kushusha mzigo, Castory alifunua blanketi akakuta vipande. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, akalia mbele ya wachukuzi.

Kesho yake alimpigia baba yake simu. Mzee Stefano akasema, "Basi, ni mbao tu," akakata. Lakini Jumamosi iliyofuata hakwenda mazoezini. Iliyofuata vilevile. Mwalimu Anastasia, aliyekuwa msaidizi wake katika kwaya, alimpigia Castory kumwarifu.

"Kaka Castory, baba yako anasema jubilei tuimbe na kinanda, yeye atakaa kwenye benchi na waumini. Anasema mikono yake imestaafu. Na sisi hatuwezi kusherehekea miaka yake hamsini yeye akiwa benchi."

"Mwambie asistaafu. Ninamtengenezea gitaa jingine," Castory alisema.

"Unajua kutengeneza gitaa?"

"Mwalimu, gitaa ni sanduku lenye tundu. Mimi nimetengeneza masanduku miaka ishirini."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza katika kazi hiyo, nalo lilizaa jingine. Castory alivimwaga vile vipande mezani, akavipima kwa futi: urefu, upana wa juu, upana wa chini, kiuno, kipenyo cha tundu. Aliandika kila kipimo bila kukosea hata nukta. Upande wa ndani wa kifua, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, alikuta fito nyembamba saba zimegandishwa. Hazikupigwa rangi wala msasa. Nyingine zilikuwa nene katikati na kukonda mwishoni, nyingine zimekwenda mshazari. Castory akacheka peke yake. Alidhani ni viraka vya fundi mchovu aliyejua kwamba huko ndani hakuna atakayechungulia. Akazibandua zote, na kwa kuwa gundi yake ya kuchemsha ilikuwa imeganda, akazitia motoni chini ya kopo la gundi.

Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kama alivyozoea kutengeneza kila kitu, yaani lisivunjike. Alichagua mninga mkavu, kifua akakipa unene wa mlango wa kabati, ndani akapigilia vipande viwili vya kukaza, nje akapaka vanishi mara nne. Lilipendeza mno. Wateja wa vitanda walikuwa wakiliulizia bei. Mwezi wa saba akalipandisha Nyandira mwenyewe, safari hii akiwa amelipakata.

Mzee Stefano alilipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito, akamtazama mwanawe, akapiga nyuzi. Ikatoka sauti ya mtu anayegonga kabati akiuliza kama kuna mtu ndani. Akapiga tena, taratibu zaidi, kama anayelibembeleza. Halikubembelezeka.

"Ni imara," mzee alisema mwishowe. "Mvua ikitukuta njiani tutajikinga nalo."

Anastasia, aliyekuwapo, alijifanya anakohoa. Castory naye alicheka, lakini alishuka mlima siku ile ile. Angalau baba yake angefoka. Kutaniwa na mtu uliyemvunja moyo kunauma kuliko kufokewa.

Akajirudi, akasema tatizo ni unene. Gitaa la pili alilipiga randa kifua mpaka mwanga wa jua ukapita. Hilo, lo, liliimba. Siku mbili nzima Castory alitembea kifua mbele Mwembesongo yote. Siku ya tatu kile kifua kilianza kubonyea chini ya mvuto wa nyuzi. Siku ya nne, wakati mteja mmoja akijaribu kulalia kitanda karakanani, gitaa lililipuka ukutani kama tairi, daraja, kile kijiti kinachozishika nyuzi, likang'oka na kuruka, na yule mteja akatoka mbio akiacha kiatu kimoja.

Ilikuwa imebaki miezi miwili na kitu. Hapo ndipo Castory alipokubali kufanya jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza kama si kiburi. Aliviweka vile vipande vya gitaa la baba yake kwenye kiroba, akavuka mitaa mitatu hadi kwa Bi Maimuna, binti wa marehemu fundi Mwinshehe. Bi Maimuna alikuwa mwanamke wa makamo aliyeyashika magitaa ya baba yake pale baba alipoyaachia, na maneno yake yalikuwa machache kama mbao nzuri.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe unayelipua magitaa. Tulidhani ni mtungi wa gesi." Akampokea kiroba. "Ninyi watu wa mlimani mmezoea kubeba mizigo kichwani, mnadhani kila kizito ndicho kizuri. Hebu tuone."

Alivipanga vipande kwenye meza, polepole, akavigusa kimoja kimoja. Alilitambua gitaa kabla hajasoma namba iliyoandikwa ndani ya mgongo wake: thelathini na moja. Uso wake ukalainika. Akakigeuza kifua, akatafuta kwenye kiroba, akakikung'uta, akatafuta tena.

"Fito zake ziko wapi?"

Castory angeweza kusema zilipotea. Alitaka kusema hivyo. Lakini yule mama alikuwa akimtazama vile ambavyo mtu humtazama muuguzi aliyetoka wodini.

"Nilizichoma, Bi Maimuna. Nilichemshia gundi."

Bi Maimuna alivuta kigoda akaketi. Baba yake alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na magitaa yake yametawanyika nchi nzima, mengi yameshakufa bila yeye kuarifiwa.

"Umechemshia gundi mkono wa baba yangu," alisema bila kupandisha sauti. "Nenda nyumbani. Njoo kesho asubuhi, leo sitaweza kukuambia neno jema."

Castory alipokuja asubuhi alikuta ngazi imeegemezwa ukutani na tundu la dari liko wazi. Bi Maimuna alimwamuru apande akashushe vilivyomo. Alishusha kifua cha gitaa, akashusha cha pili, akashusha mpaka mikono ikamchoka. Vilikuwa vifua ishirini na vitatu, vimepasuka, vimepinda, vimebonyea kama kile chake. Kila kimoja kilikuwa na maandishi ya penseli upande wa ndani, kwa mwandiko wa Mwinshehe. *Besi inanguruma, juu pamelala. Fito mbili zimezidi. Kizuri masika, kibaya kiangazi. Hiki nimekiharibu kwa haraka.*

"Hili la kwanza kabisa," Bi Maimuna alisema, akimwonyesha umbo la kifua lililolingana juu na chini kama tarakimu ya nane, "aliliiga gitaa la mzungu mmoja wa reli. Aliliiga kwa nje, kama wewe. Likabonyea kwa wiki moja. Halafu wapiga bendi wakataka besi ishibe, akapanua chini. Alipopanua, likawa linateleza pajani, akalibana kiuno. Alipolibana kiuno, sauti nyembamba zikafa, akahamisha fito. Ilikuwa kila akiponya hapa, pale panaugua. Mimi nilikuwa msichana, nilidhani baba yangu ndiye fundi mbovu kuliko wote duniani, maana nyumbani tulikuwa tunaona haya tu. Yale mazuri yalikuwa yanaondoka."

Castory alikishika kile kifua cha kubonyea akakigeuza huku na huku. Miaka yote aliyoishi Mwembesongo alisikia watu wakisema Mwinshehe alikuwa na kipaji, wengine wakanong'ona kwamba alikuwa na dawa. Yeye mwenyewe alikuwa amesema hivyo mara nyingi. Aliona aibu kwa ajili ya zile fito saba, aibu ya kweli, ya kumfanya ainamishe uso.

"Nitengenezee, Bi Maimuna. Nakuomba."

"Sikutengenezei. Utatengeneza wewe. Mimi nitakuwa nasema hapana."

Wakaanza. Vitanda vikasimama, wateja wakanung'unika. Bi Maimuna alitoa ubao wa podo, mti laini wa milimani, uliotoka kwenye dari la nyumba ya kale, mkavu, mwepesi, wenye nyuzinyuzi zilizonyooka. Kwa vile fito zilikuwa majivu, alikiinamisha kile kifua cha thelathini na moja kwenye mwanga wa dirisha. Palipokuwa na fito, ubao ulikuwa haujapauka kwa hewa ya miaka, hivyo mistari saba ilionekana kama alama ya saa kwenye mkono wa mtu. Castory akainakili. Alama hizo zilimwonyesha fito zilikaa wapi, lakini hazikumwambia zilikuwa na kimo gani, na hapo hapakuwa na njia ila kuchonga, kugonga kwa kidole na kusikiliza.

Kila jioni alimpelekea Bi Maimuna kifua. Yeye alikigonga karibu na sikio, akatikisa kichwa. "Hapana. Kigumu, kama kawaida yako." Kesho yake, "Hapana, sasa umeogopa, umechonga mno." Kifua cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilikufa sauti. Mbavu za gitaa, za mti wa mkangazi, ambazo hukunjwa zikiwa mbichi kwa maji juu ya bomba lenye makaa, zilimvunjikia mara tatu na kumwacha na malengelenge. Siku moja alitupa patasi chini akasema heri jubilei ipigwe kinanda. Bi Maimuna aliiokota patasi, akaipuliza vumbi, akamrudishia mkononi.

Alipofikia kifua cha tano, waligombana. Bi Maimuna alitaka ufito mmoja usogezwe upana wa vidole viwili kutoka ilipokuwa alama ya baba yake.

"Baba anataka lile lile," Castory alisema. "Sauti ile ile. Sikuja hapa kuboresha."

"Soma hiki." Alimpa kimoja cha vile vifua vya darini. Penseli iliandika: *Baada ya lile la Stefano wa Nyandira. Uzi wa nne wake sauti inajifungia. Nimegundua tayari keshaondoka. Nisogeze ufito huu, vidole viwili.* Kifua hicho nacho kilipasuka, lakini lililofuata baada yake, Bi Maimuna alisema, halikuwa na kosa hilo, wala hakuna jingine lililokuwa nalo tena.

"Baba yako alibeba kosa letu mlimani kwa miguu siku mbili," alisema. "Mzee wangu alikuwa akilisema mpaka anazeeka. Ukilirudisha kosa lile lile kwa kumpenda baba yako, hujampenda, umeuogopa ubao."

Castory alikaa na kile kifua siku nzima. Alijua kwamba akiusogeza na sauti ikageuka ngeni, hana tena muda wala podo. Asubuhi aliusogeza.

Siku ya kukifunga kifua hicho kwenye mbavu, Bi Maimuna alikigonga, akasikiliza, akagonga tena. Hakusema hapana. Alikwenda kuwasha jiko la chai.

Jumamosi ya kuamkia jubilei, Castory alipanda Nyandira. Gitaa halikung'aa, kwa maana Bi Maimuna alimruhusu mpako mmoja tu mwembamba wa vanishi, na mtu asiyejua angelidhani ni kazi ambayo haijaisha. Wanakwaya walikuwa kanisani wakipanga viti. Anastasia alikuwa amekwenda kumtoa Mzee Stefano nyumbani karibu kwa nguvu, na mzee alikuwa ameketi benchi la nyuma, mikono mapajani, kama mgeni.

"Baba, fito za gitaa lako nilizichoma moto," Castory alimwambia mbele ya wote. "Sikukuambia. Sikujua ni nini."

Mzee alimtazama, akatazama yale malengelenge ya vidole, akanyoosha mikono. Safari hii hakulipima uzito. Aliliweka pajani, akapitisha kidole gumba polepole, uzi kwa uzi, kuanzia besi. Alipofika uzi wa nne alisita, akaugusa kidogo tu, kama mtu anayekanyaga ngazi anayoijua kwamba imeoza. Uzi uliitika, wazi, ukajaa kanisa. Mzee akaugusa tena, kwa nguvu. Kisha akaunyamazisha kwa kiganja na machozi yakamtoka, naye hakuyaficha.

"Miaka arobaini na miwili nimekuwa nikiukwepa uzi huu," alisema. "Nyimbo zangu zote nilizipiga kwa kuukwepa. Nilidhani ni kidole changu kibovu."

"Lilikuwa kosa la ubao, baba. Fundi Mwinshehe alilijua, akalitafutia dawa mpaka akaipata, ila wewe ulikuwa umeshaondoka."

Mzee Stefano alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasimama, akatembea hadi mbele kwenye nafasi yake ya siku zote, akawaambia kwaya wafungue wimbo wa kwanza kabisa, ule wa mwaka wa sabini na tano. Aliupiga na uzi wa nne umo ndani yake. Waliouimba tangu ujana wao walisikia kwamba ni ule ule, na kwamba palipokuwa na upenyo sasa pamezibwa, na baadhi yao walishindwa kuimba ubeti wa pili.

Nje, akina mama waliokuwa wakirudi kutoka shambani walisimama kwenye matuta na vikapu vyao. Anastasia alimsogelea Castory akamnong'oneza kwamba kumbe kipaji kilikuwamo humu humu nyumbani wakati wote. Zamani Castory angeipokea sifa hiyo na kuirudia Mwembesongo nzima.

"Niliharibu magitaa mawili, mwalimu, na vifua vinne," alisema. "Na vya Mwinshehe ishirini na vitatu."

Kesho yake kigango kilijaa hadi uani, na wageni waliotoka mbali walisema kwamba Mzee Stefano kabarikiwa gitaa, na mwanawe kabarikiwa mikono. Wasamehewe, kwani hawakuliona dari la Bi Maimuna; lakini anayelijua dari hilo hashangai gitaa likiimba, maana wahenga walikwishasema: ukiona vyaelea, vimeundwa.